Nusu ya jino

Pikipiki imepigwa stendi kubwa, gia iko huru, gurudumu la nyuma linaelea. Mkono unaishika cheni mwisho kabisa wa sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, upande ulio mbali na injini, na kuivuta. Cheni ambayo haijachoka ingegoma. Hii inakuja na mkono. Kati ya cheni na sproketi panafunguka upenyo, na ndani ya upenyo huo nusu ya jino inaonekana, limechongoka na kulalia upande mmoja kama pezi la papa.

"Fundi, nikatie pingili mbili tu. Mwezi ujao nanunua seti, cheni na sproketi zote mbili."

Fundi anakata. Tindo, nyundo, klipu ileile ya zamani. Cheni inakaza, pikipiki inaondoka.

Inaondoka kweli, tena bila kelele. Na hapo ndipo swali liliponikaa kichwani wiki kadhaa: kama cheni imekaza na pikipiki inatembea, ni kitu gani hasa ambacho hakijatengenezwa?

## Cheni haivutiki

Tunasema cheni "imevutika", na neno hilo ndilo linalotupoteza. Kwa matumizi ya kawaida bamba za cheni, vile vyuma bapa vya pembeni, hazirefuki. Kinacholika kiko ndani, kimefunikwa, hakionekani mpaka uvunje pingili.

Kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi, kijibomba cha chuma, na juu ya bushi kuna rola ambayo ndiyo inayogusa jino. Muundo huu alikuja nao Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kabla yake mzigo wote ulikaa kwenye kingo nyembamba za bamba. Bushi ikaupa mzigo mahali papana pa kukaa, na mpaka leo cheni ya pikipiki inayobeba mkaa kutoka porini ni mjukuu wa ile ya Renold, bila tofauti kubwa.

Pingili ikiingia kwenye sproketi inajikunja, ikitoka inanyooka. Kila mara pini inasuguana na bushi yake. Mafuta yakikauka na vumbi likaingia, pini inaanza kulika, lakini inalika upande mmoja tu, ule unaovutwa.

Pikipiki nyingi ndogo za kwetu zinatumia cheni namba 428. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata, umbali unaoitwa hatua, ni milimita 12.7, yaani nusu inchi kamili. Tuseme kila pingili imeongezeka robo milimita kwa wastani. Robo milimita huioni kwa jicho. Lakini kama cheni yako ina pingili 118, una robo milimita 118, na jumla yake ni karibu sentimita tatu.

Sasa tazama kwa karibu zaidi, maana hapa ndipo jibu lilipojificha.

Pingili zinapokezana, ya ndani kisha ya nje yenye pini. Pingili ya ndani ina bushi mbili zilizogongelewa kwenye bamba zake. Umbali kati ya bushi hizo haubadiliki, ni 12.7 siku ya kwanza na ni 12.7 siku ya mwisho. Ulikaji wote unaangukia pingili ya nje. Kwa hiyo cheni iliyochoka haina hatua ndefu zilizolingana. Ina hatua ya 12.7, halafu ya 13.2, halafu 12.7, halafu 13.2.

Inachechemea.

Sproketi haijui kuchechemea. Mabonde yake yamekatwa kwa hatua moja, jino hadi jino. Rola ya kwanza inakaa vizuri bondeni, ya pili inapanda juu kidogo kwenye mgongo wa jino, na mzigo ambao ungegawanywa kwa meno kadhaa unabebwa na mawili au matatu. Meno hayo yanalika kwa kulala upande mmoja, yanakuwa ndoano. Ukikata pingili mbili umeondoa karibu milimita 26 za urefu, lakini pingili 116 zilizobaki bado zinachechemea vilevile.

Ulegevu ndio uliotengenezwa. Hatua haijaguswa.

## Rula kabla ya spana

Kuvuta cheni nyuma ya sproketi ni kipimo kizuri cha haraka, na nusu ya jino ikionekana seti imekwisha. Lakini kipimo hicho kinachanganya ulikaji wa cheni na wa sproketi. Rula haichanganyi.

Weka gia. Sukuma gurudumu la nyuma kwa mkono kwa uelekeo wa kwenda mbele. Injini italizuia, na upande wa chini wa cheni utakaza kama waya. Mtu aendelee kulishikilia. Futa pini kwa tambara, kisha pima hatua 20: kutoka ukingo wa kushoto wa pini ya kwanza hadi ukingo wa kushoto wa pini ya 21. Usipime katikati kwa katikati kwa kukisia, kwa sababu kosa la milimita moja hapa ni kubwa.

Cheni mpya ya 428 inasoma milimita 254. Ikifika 259 imeongezeka asilimia 2, na huo ndio mpaka wa kuitupa.

Pima sehemu tatu tofauti, ukizungusha gurudumu kila mara. Cheni hailiki sawasawa. Kuna mahali mafuta hayakufika, kuna mahali kutu iliingia pikipiki ilipolala nje msimu wa masika, na kipimo kinachohesabika ni kile kibaya kuliko vyote. Ukikuta 256 huku na 260 kule, cheni ni ya 260.

Pingili inayobaki imejikunja baada ya kutoka kwenye sproketi, kama goti lililokakamaa, nayo ina hukumu yake. Ukiinyoosha kwa mkono na mafuta na ikarudi kukakamaa, pini imeshika kutu ndani.

## Hesabu ya jioni

Ni rahisi kuandika "nunua seti" ukiwa umekaa. Dereva wa bodaboda ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye chombo jioni, na siku pikipiki inapolala kwa fundi hesabu hailali. Mara nyingi hata haijulikani vizuri cheni ni mzigo wa nani. Dereva ndiye anayeisikia ikigonga kava, tajiri ndiye mwenye pesa ya seti, na kati yao wawili kukata pingili ndiyo njia isiyohitaji mazungumzo.

Kwa muda nilidhani hoja hiyo inatosha kukifanya kitendo chenyewe kiwe sahihi. Kama fedha ya leo haipo, pingili mbili zinanunua mwezi.

Kilichonigeuza ni kufuatilia zinanunua mwezi kutoka wapi. Cheni iliyopita 259 inaendelea kula sproketi zote mbili, na sproketi ya mbele ikishakuwa ndoano inaanza kuing'ang'ania cheni badala ya kuiachia. Mvutano huo unakwenda kwenye shafti ya gia na beringi yake. Cheni ikikatika kwenye mwendo, inaweza kujikunja mbele na kupasua ganda la injini, au kujifunga nyuma na kusimamisha gurudumu ghafla na abiria akiwa juu. Ule mwezi unakopwa kwenye injini.

Kwa hiyo jibu langu sasa ni hili: pingili mbili zinakubalika kumfikisha mtu nyumbani au dukani. Kwa wiki ya kazi, hapana. Na mazungumzo ya dereva na tajiri yafanyike rula ikiwa mezani, kwa sababu 260 ni namba ambayo wote wawili wanaweza kuisoma.

## Lazima vyote vitatu?

Sheria inayojulikana ni kwamba cheni, sproketi ya mbele na sproketi ya nyuma vinabadilishwa pamoja. Ni sheria nzuri. Lakini mafundi wengi wanaikariri bila sababu yake, na asiyejua sababu hawezi kujua inapolegea.

Cheni mpya kwenye sproketi zilizolika inakaa vibaya bondeni na rola zake zinapigwa na ndoano. Itachoka kabla ya wakati. Cheni ya zamani kwenye sproketi mpya itazichonga zifanane nayo. Kwa hiyo kama cheni imefika 259, vyote vitatu.

Ila sproketi ya mbele inazunguka takribani mara tatu kila ya nyuma inapozunguka mara moja, na kila jino lake linapokea cheni mara tatu zaidi. Inawezekana kabisa cheni isome 255, ya nyuma iwe na meno ya duara, na ya mbele peke yake imeanza kulala. Hapo badilisha ya mbele tu, tena mapema. Ni chuma kidogo, ndicho rahisi kuliko vyote vitatu, na kinailinda cheni ambayo bado ina maisha.

Kugeuza sproketi ya nyuma ndani nje, ili upande usiolika ubebe mzigo, kunawezekana kwa zile zilizo bapa. Ni dawa ya kijijini wakati duka liko kilomita 80. Usiioanishe na cheni mpya.

## Dukani

Hesabu meno kwa kidole, moja moja, na hesabu pingili za cheni ya zamani kabla hujatoka. Usiende na urefu. Hili linawakamata hata wazoefu: wanalaza cheni mpya kando ya ile kuukuu na kuikata pale zinapolingana. Ile kuukuu imeongezeka karibu sentimita tatu, kwa hiyo mpya inabaki na pingili mbili za ziada, na ekseli inaanza safari yake nyuma kabla cheni haijatembea hata kilomita moja. Hesabu pingili zote, za ndani na za nje, pamoja na ile yenye klipu. Jumla siku zote ni namba shufwa.

Namba ya cheni iko kwenye bamba. Tarakimu ya kwanza ni hatua kwa sehemu za nane za inchi: 4 ni nusu inchi, 5 ni inchi tano kwa nane. Zilizobaki zinahusu upana. 420 na 428 zina hatua moja lakini 420 ni nyembamba, haiingii kwenye sproketi ya 428. Herufi H baada ya namba inamaanisha bamba nene zaidi. Kwa pikipiki ya mizigo chukua 428H.

Sproketi ya bandia ina rangi nzuri kuliko ya kweli. Omba ruhusa upitishe tupa kwenye pembe ya jino, sehemu isiyogusana na rola. Chuma kilichokomazwa kinaifanya tupa iteleze kwa mlio mkali. Chuma laini kinang'atwa, unaona vumbi linalong'aa. Meno laini yatakuwa mapezi ya papa kabla mvua hazijarudi.

Kubadilisha idadi ya meno ni shauri jingine. Meno 15 mbele na 42 nyuma ni uwiano wa 2.8, ukiweka 14 mbele unakuwa 3.0 kamili. Pikipiki inapanda mlima na gunia bila kuhema, lakini kwenye lami injini inazunguka karibu asilimia 7 zaidi kwa mwendo uleule, na mafuta yanakwenda nayo. Anayefanya kazi milima ya Lushoto ana sababu. Anayezunguka Kariakoo hana.

Kuna jambo moja dogo linalofaa kujulikana: 14 ni shufwa na pingili za cheni ni shufwa, kwa hiyo jino lilelile hukutana na aina ileile ya pingili, ya ndani au ya nje, maisha yote. Meno 15 yanapokezana, na ulikaji unasambaa vizuri zaidi.

## Anza mbele

Kosa la kawaida ni kutoa cheni kwanza. Bila cheni, sproketi ya mbele inazunguka huru na huna cha kuishikia. Iache mahali pake.

Tia alama kwenye shafti ya pedali ya gia ujue ilikaa jino gani, kisha fungua bolti yake, mara nyingi ni ya spana namba 10, na uivute nje. Fungua kava ya kushoto. Nyuma yake utakuta tope gumu la grisi na mchanga, limejaa hadi kuchukua umbo la kava. Likwangue kwa kijiti, osha kwa mafuta ya taa, na angalia sili ya shafti. Oili mbichi ikitiririka pale, badilisha sili sasa. Hutapata nafasi rahisi kuliko hii. Angalia pia waya wa taa ya nyutro unapita wapi, maana cheni ikiugusa itaukata.

Kwenye familia ya Honda CG125 na injini nyingi zilizonakiliwa kutoka kwake, sproketi ya mbele inashikwa na kibati chenye bolti mbili ndogo. Mtu mmoja akanyage breki ya nyuma, mwingine afungue. Kibati kinazungushwa kidogo hadi meno yake yalingane na ya shafti, kisha kinatoka.

Sasa simama hapo. Kabla hujaweka mpya, shika sproketi ya zamani ikiwa bado kwenye shafti na uitikise. Kucheza kidogo kuingia na kutoka ni kawaida kwa aina hii ya kibati, imeachwa makusudi ijitafutie mstari. Kucheza kwa kuzunguka, mbele na nyuma huku shafti imetulia, ni habari mbaya. Weka mpya uijaribu: ikitulia, kilicholika kilikuwa sproketi. Ikiendelea kucheza, meno ya shafti yenyewe yamelika.

Ni hapa ambapo mtu huenda kutafuta mashine ya kuchomelea.

Namwelewa. Kubadilisha shafti ya gia ni kupasua injini nzima, na kuchomelea ni dakika chache. Lakini moto unaipika sili iliyo sentimita chache nyuma yake. Umeme wa kuchomelea, waya wa ardhi ukifungwa mahali popote kwenye chasisi, unapita kwenye beringi na kuacha vidonda kwenye njia ya gololi. Na siku sproketi hiyo itakapolika, itatoka kwa grainda, ikiondoka na kipande cha shafti. Shafti ambayo ingefaa kununuliwa leo itanunuliwa siku hiyo, pamoja na beringi na sili.

Meno ya shafti yanaweza kulika kwa sababu bolti mbili za kibati zililegea na hakuna aliyezikaza. Ni bolti za milimita 6. Zisafishe, zipake gundi ya kuzuia nyuzi za bolti zisilegee, zikaze kwa spana fupi na nguvu ya kifundo cha mkono. Ukitumia bomba refu utazikata. Dakika mbili za kazi.

## Nyuma

Nati ya ekseli ilegeze pikipiki ikiwa bado chini, kisha panda stendi. Toa klipu ya cheni, toa cheni, fungua fimbo ya breki, na fungua mkono wa chuma unaoshikilia bamba la breki lisizunguke. Kumbuka mkono huo, nitaurudia.

Gurudumu likitoka, lilaze juu ya tairi kuukuu. Shika sproketi na uizungushe kushoto na kulia. Inakaa juu ya raba zilizo ndani ya habu, kazi yake kumeza mshtuko wa gia. Raba zikiwa zimekufa, sproketi inacheza kama mlango usio na komeo, na kila unapoachia klachi cheni mpya inapigwa kwa nyundo. Raba hazigharimu kama seti, na watu huzisahau kwa sababu hazionekani. Ingiza kidole kwenye beringi za habu pia uzizungushe, zikikwaruza, badilisha.

Nati za sproketi zimefungwa kwa vibati vilivyokunjwa. Vinyooshe kwa bisibisi, na ukirudisha tumia vipya kama vipo. Safisha mahali sproketi inapokaa mpaka chuma kionekane, kwa sababu punje moja ya mchanga pale inaifanya izunguke kwa kuyumba. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo.

Rudisha gurudumu, na sasa ule mkono wa breki. Bolti yake irudi, nati yake irudi, pini yake ya kukunja iwe mpya. Ukiusahau, pikipiki itatembea vizuri kabisa mpaka utakapokanyaga breki ya kwanza. Bamba la breki litazunguka pamoja na gurudumu, litakunja fimbo, na gurudumu litasimama papo hapo. Katika kazi hii nzima hakuna bolti ninayoiogopa kama hii.

## Mdomo wa klipu

Cheni mpya mara nyingi ni ndefu kuliko unavyohitaji. Saga vichwa vya pini vya pingili ya nje kwa grainda mpaka viwe sawa na bamba, ndipo uzisukume. Ukizipiga bila kusaga unapinda bamba za jirani, na pingili inakakamaa siku ya kwanza. Ncha zote mbili zibaki na pingili za ndani.

Ivushe cheni mbele na nyuma, kutanisha ncha juu ya sproketi ya nyuma ambako meno yanazishika, ingiza kiungo kutoka ndani kuja nje. Weka bamba, libane mpaka mifereji ya pini ionekane yote miwili. Kisha klipu, kwa koleo, mpaka isikike ikidaka.

Upande uliozibwa wa klipu utangulie mwendo. Upande wa juu wa cheni unakwenda mbele, kwa hiyo ukiitazama klipu ikiwa juu, mgongo wake uelekee injini na mdomo uelekee nyuma. Ikigusa jiwe au kava, inasukumwa ikae zaidi. Ukiigeuza, jiwe hilohilo linaivua.

Klipu ya zamani usiirudishe. Imeshatanuka.

## Ulegevu kwa mtu aliyebeba

Kwa pikipiki nyingi za cheni ya 428 ulegevu ni kati ya milimita 20 na 35, kupima katikati ya upande wa chini, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Kitabu cha pikipiki yako au kibandiko chake ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu na upime sehemu nne; rekebisha kwa ile iliyokaza kuliko zote.

Mvuto wa kukaza cheni mpya ni mkubwa, unaonekana kama usafi wa kazi. Ni hatari. Ekseli inapanda na kushuka na mikono ya nyuma, vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu, na inapofika mstari mmoja na egemeo la mikono hiyo na sproketi ya mbele, umbali unakuwa mrefu kuliko wakati wowote. Pikipiki tupu kwenye stendi haiko hapo. Pikipiki iliyopakia mishkaki, abiria wawili na dereva, iko hapo kila tuta. Cheni isiyo na nafasi pale inavuta shafti ya gia na kuua beringi yake.

Kwa hiyo pima mara mbili. Mara ya kwanza ikiwa tupu. Mara ya pili ikiwa imeshushwa stendi na watu wazito wawili wameikalia, na mtu wa tatu achungulie: lazima cheni bado icheze.

Alama za kwenye mikono ya nyuma, hasa kwa pikipiki iliyowahi kugongwa, usiziamini. Pima kwa kamba kutoka katikati ya egemeo hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Halafu chuchumaa nyuma na uitazame cheni kwa jicho moja mpaka mbele. Isipinde inapoingia sproketi. Kingo za ndani za meno zikianza kung'aa upande mmoja baada ya siku chache, mstari umekosewa.

Kunja tambara, liingize kati ya cheni na sproketi ya nyuma, sogeza gurudumu kwa mkono mpaka libanwe. Ekseli itavutwa mbele ikae kwenye virekebisho vyake. Hapo kaza nati, toa tambara, pima tena. Kukaza nati hubadilisha ulegevu.

Na usipake mafuta wala kufuta cheni injini ikiwa inazungusha gurudumu. Sproketi inakata kidole kabla hujavuta mkono.

## Kava iliyotupwa

CG125 ilipotoka mwaka 1976 ilikuja na cheni iliyofunikwa yote, ndani ya kasha la chuma. Walioiunda waliijua hatima yake: barabara za vumbi, mwenye chombo asiyepaka mafuta. Pikipiki nyingi za zamani za ukoo huo leo hazina kasha. Lilianza kupiga kelele, bolti moja ikapotea, likafungwa kwa waya, likatupwa. Kelele ile mara nyingi ilikuwa cheni iliyolegea ikigonga ndani. Kama lako bado lipo chini ya banda, linyooshe ulirudishe na raba zake.

Kwa wasio nalo, kila kilomita 500, na kila baada ya mvua, oili ya gia SAE 90. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini imebeba masizi na unga wa chuma, ndiyo msasa wenyewe. Grisi nzito inabaki nje na kukusanya mchanga. Osha kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, kisha dondosha oili upande wa ndani wa cheni ya chini, kwenye mianya ya bamba pande zote mbili, ikiwa bado ina joto la safari. Mzunguko wa gurudumu utaisukuma nje. Subiri, futa inayotiririka.

Baada ya kilomita 300 za kwanza fungua tena rula. Ulegevu utakuwa umeongezeka kidogo, nati za sproketi na zile bolti mbili za kibati zitahitaji kuguswa. Pima hatua 20 na uandike namba hiyo kwa rangi ya kucha kwenye mkono wa nyuma, pamoja na kilomita. Ikisoma 257, anza kuweka ya seti pembeni, kidogo kila jioni baada ya hesabu.